Sura ya Sita: Mapasa wa Efeso na Mji wa Njia Panda

Mzee mmoja, mfanyabiashara, amesimamishwa mbele ya mtawala wa mji. Kosa lake ni kuteremka kutoka melini. Ni mtu wa Sirakusa, na mji alioingia, Efeso, una sheria moja kuhusu watu wa kwao: akikamatwa mmoja, mali yake inachukuliwa na yeye mwenyewe anauawa, isipokuwa alipe fidia ya marki elfu moja. Vitu vyote alivyo navyo mzee huyu, hata vikithaminiwa kwa bei ya juu, havifiki marki mia. Mtawala anamuuliza alifuata nini katika mji unaotaka roho yake.

Mzee anajibu kwa kisa kirefu cha bahari. Mkewe alimzalia watoto pacha wa kiume, ambao sisi wa Katanga tunawaita mapasa, wanaofanana hata mama yao akapata shida kuwatofautisha. Saa ileile, katika nyumba ileile ya wageni, mwanamke maskini naye alijifungua mapasa wa kiume, na mzee akawanunua waje wawe watumishi wa wanawe. Walipokuwa njiani kurudi kwao dhoruba ikawakuta. Baba alijifunga kwenye mlingoti pamoja na mtoto mmoja na mtumishi mmoja, mama akajifunga upande wa pili na wale wengine, na mwamba ukaukata mlingoti katikati. Tangu hapo nusu ya familia haijui nusu ya pili iko wapi. Mwana aliyebaki na baba, alipotimiza miaka kumi na minane, aliomba ruhusa akamtafute ndugu yake, akaondoka na mtumishi wake, wala hawakurudi. Sasa ni mwaka wa tano mzee anazunguka dunia akimtafuta mtafutaji.

Mtawala anamhurumia, lakini sheria hawezi kuivunja. Anampa mpaka jioni amtafute mtu wa kumlipia.

Hivyo ndivyo unavyoanza mchezo wa William Shakespeare uitwao The Comedy of Errors, mfupi kuliko yote aliyoandika, ambao walimu wengi huuhesabu kuwa mwepesi. Katika sura hii nitauita Kichekesho cha Makosa. Wanaouona mwepesi hukumbuka vipigo, milango iliyofungwa na watu wanaodaiwa deni la mtu mwingine. Husahau kwamba vicheko vyote vinatokea kati ya asubuhi na jioni ya siku moja, na kwamba muda wote huo kuna mzee mahali fulani mjini anayehesabiwa saa. Mimi nausoma kama mchezo wa mgeni. Na sijui mji ambao unaweza kuuelewa vizuri kuliko Kamina.

Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu mikoa ilipogawanywa upya mwaka 2015, ni mji uliokuzwa na reli. Njia ya kutoka Lubumbashi inapita Likasi, Tenke na Bukama, inaingia Kamina, kisha inaendelea Kaniama, Mwene-Ditu na Kananga mpaka Ilebo kwenye mto Kasai. Ilifunguliwa mwaka 1928. Mwaka 1956 ikaunganishwa njia nyingine, ile ya Kabalo inayofika Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Mtu wa Kasai, mtu wa ziwani na mtu wa migodini wote hupita hapa, na treni ikichelewa, hulala hapa. Kambi kubwa ya jeshi waliyoanza kuijenga Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili ilileta wageni wengine tena. Efeso ya Shakespeare ni bandari; Kamina ni bandari ya nchi kavu.

Turudi kwenye mchezo. Mwana aliyepotea, Antipholus wa Sirakusa, anaingia Efeso asubuhi hiyohiyo pamoja na mtumishi wake Dromio. Mfanyabiashara mmoja anamwonya: sema umetoka Epidamnus, usitaje Sirakusa, kwa maana leo tu mzee mmoja wa huko amekamatwa na atauawa kabla jua halijazama. Kijana anasikia habari hiyo, anaahidi kuwa mwangalifu, anaenda zake. Hajui kwamba mzee huyo ni baba yake. Wala hajui kwamba pacha wake anaishi Efeso, ameoa, ana nyumba na heshima, na anaitwa Antipholus vilevile. Na pacha wa mtumishi wake yupo hapohapo, naye anaitwa Dromio.

Kuanzia hapo mji mzima unamsalimia kwa jina lake. Mwanamke asiyemjua, Adriana, anamkemea kwa kuchelewa chakula cha mchana na kumvuta nyumbani. Mfua dhahabu anamkabidhi mkufu ambao hakuuagiza. Anadhani mji umejaa wachawi, lakini anakula, anapokea, na moyo wake unamwendea Luciana, dada wa huyo anayemwita mume. Wakati huohuo mwenye nyumba halisi anafika kwake na wageni wa chakula cha mchana, anakuta mlango umefungwa. Anabisha. Sauti ya ndani inamuuliza yeye ni nani. Anajitaja. Sauti inamjibu kwamba bwana wa nyumba yuko mezani. Mtumishi aliye nje anagombana kupitia mlango na mtumishi aliye ndani, jina moja, sauti moja, ubao mmoja kati yao. Mke anasikia kelele na kuamuru watu hao wafukuzwe. Mume anataka kuvunja mlango kwa nondo. Rafiki anamzuia kwa kumkumbusha majirani watasema nini.

Tukio hilo la mlango ndilo moyo wa mchezo. Aliye ndani, anayeheshimiwa, ni mgeni ambaye sheria inataka kichwa chake. Aliye nje, anayefukuzwa kama mhuni, ndiye raia. Wote wawili wana uso uleule. Mji unaojivunia kwamba unajua nani ni wake na nani si wake umeshindwa kumtambua mtu wake mwenyewe mlangoni kwake.

Shakespeare hakubuni kisa hiki peke yake. Alikichukua kwa Plautus, Mrumi aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, aliyeandika mchezo wa mapasa uitwao Menaechmi. Plautus alikuwa na pacha wawili tu na kazi yake ilikuwa rahisi jukwaani, kwani waigizaji wa kale walivaa vinyago. Vinyago viwili vilivyochongwa sawasawa vilitosha. Shakespeare akaongeza watumishi pacha, wazo alilolipata katika mchezo mwingine wa Plautus, Amphitruo, akawapa watazamaji nyuso tupu za watu wasiofanana, akawaomba wakubali kwamba wanafanana. Mpaka leo, anayeuigiza mchezo huu hutegemea kofia mbili za rangi moja na makoti mawili ya mshono mmoja, na watazamaji huona kile walichoambiwa waone.

Jambo moja Plautus alilifafanua vizuri kuliko mrithi wake, nalo ni sababu ya ndugu wawili kuitwa jina moja. Kwake, mtoto mmoja alipotea, na babu kwa uchungu akampa aliyebaki jina la aliyepotea. Kwa Shakespeare mzee anasema wanawe hawakuweza kutofautishwa ila kwa majina, halafu tunakutana na Antipholus wawili na Dromio wawili. Wahakiki wamelihesabu kuwa doa.

Mluba wa Kamina halioni doa hilo. Kwetu jina la pacha halitafutwi, linazaliwa naye. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, awe wa kiume au wa kike, wa tajiri au wa maskini. Ndugu zetu Waluba wa Kasai wao husema Mbuyi na Kabanga. Kwa hiyo ukisimama kwenye stesheni ya Kamina siku ya treni na kuita "Kabange!" kwa sauti kubwa, utageukiwa na watu zaidi ya mmoja, mzee na mtoto, mwanajeshi na mama muuza samaki, ambao hawana undugu wowote ila walizaliwa nyuma ya mtu mwingine. Na wale pacha wafananao wamezoea tangu utotoni swali la njiani: "Weye uko Kyungu ao Kabange?" Jibu hutoka haraka, kama la mtu aliyekwisha kulijibu maelfu ya mara: "Mie njo Kabange. Kyungu alienda ku soko."

Mapasa kwa Waluba ni jambo zito. Kuzaliwa kwao kunaleta furaha na hofu pamoja, na wazazi wao hawabaki watu wa kawaida. Wanapewa heshima na majina yao. Kuna nyimbo za mapasa ambamo watu huwatupia wazazi maneno ya matusi na ya chumbani ambayo siku nyingine ni mwiko kabisa kutamkwa mbele ya wakubwa. Matusi hayo ni heshima na kinga. Kisha kuna kanuni inayojulikana na kila jirani: ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Kitambaa kikinunuliwa, kinakatwa mara mbili.

Ndiyo maana ninapofika mwisho wa Kichekesho cha Makosa siwezi kuuchukulia kama mzaha mdogo wa kufungia. Mabwana wameingia ndani kwenye karamu. Jukwaani wamebaki watumishi wawili, Dromio na Dromio, waliopigwa siku nzima kwa makosa ya wenzao. Wanatazamana. Mmoja anasema mwenzake ni kioo chake. Linazuka swali la nani ni mkubwa na apite mbele, na hawana njia ya kulijua. Wanaamua waliingia duniani pamoja, basi waingie na nyumbani pamoja, mkono kwa mkono, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Shakespeare alijua alichokuwa akikiandika. Yeye mwenyewe alikuwa baba wa mapasa: Hamnet, wa kiume, na Judith, wa kike, waliobatizwa Februari 2, 1585. Hamnet alifariki Agosti 1596, akiwa na miaka kumi na mmoja. Miaka michache baadaye baba yake akaandika mchezo mwingine wa pacha, Twelfth Night, ambamo msichana anaamini kwamba kaka yake amezama baharini, anavaa mavazi ya kiume na kuonekana kama yeye, hadi siku kaka anapotokea akiwa hai. Mwanafunzi mmoja wa sheria wa London aliutazama Februari 2, 1602, akaandika katika shajara yake kwamba unafanana sana na Kichekesho cha Makosa na ule wa Plautus. Sidhani kama alijua tarehe hiyo ilikuwa na maana gani kwa mwandishi.

Kuna badiliko moja la Shakespeare ambalo msomaji wa Kongo atalielewa mara moja. Plautus aliuweka mchezo wake Epidamnus. Shakespeare aliuhamishia Efeso, na kila mtu wa wakati wake aliyesikia jina hilo kanisani alikumbuka sura ya 19 ya Matendo ya Mitume: waganga wanaotoa pepo wakapigwa na mwenye pepo, na vitabu vya uchawi vikachomwa hadharani, thamani yake vipande elfu hamsini vya fedha. Mgeni wa Sirakusa anaingia mjini akiwa na sifa hizo kichwani. Kwa hiyo kila ukarimu anaoupata anaupa jina la uchawi. Wenyeji nao, wakimwona bwana wa nyumba anakana mke wake na kukataa deni la mkufu, wanasema amepagawa.

Analetwa mtu anayeitwa Pinch, mwalimu wa shule aliyejifanya mtaalamu wa pepo, mwembamba, mwenye njaa, mwenye maneno mengi. Anamshika mgonjwa mkono. Mgonjwa anampiga. Pinch anaamuru shetani amtoke, kisha anatangaza kwamba uso uliopauka wa bwana na wa mtumishi wake ndio uthibitisho. Bwana na mtumishi wanafungwa kamba na kutupwa katika chumba chenye giza, mpaka wanapokata kamba kwa meno, wanatoroka, wanamshika mtoa pepo, wanamchoma ndevu na kumzima kwa ndoo za maji machafu.

Watu wa London walicheka, na nina hakika Kamina itacheka. Lakini katika miji yetu kicheko hicho kitakoma mapema. Tumeona watoto wakipelekwa kwenye vyumba vya maombi, wakinyimwa chakula, wakifungwa, kwa sababu mtu mzima ameshindwa kuelewa jambo fulani nyumbani na akatafuta wa kulibeba. Hoja ya Pinch tunaijua: ukikana, ni pepo anakana, ukilia, ni pepo analia. Shakespeare anatuonyesha wazi, maana sisi watazamaji tunajua ukweli tangu mwanzo, kwamba hakuna pepo yeyote Efeso. Kuna familia iliyotawanyika, na hakuna aliyeuliza swali sahihi. Ningetaka kila mchungaji wa Haut-Lomami aketi mstari wa mbele siku Kamina itakapouigiza.

Onyesho la kwanza tunalolijua kwa tarehe lilipatwa na mkasa unaofanana na mchezo wenyewe. Ilikuwa Desemba 28, 1594, katika jumba la wanasheria la Gray's Inn, London. Wageni walijaa kupita kiasi, msukumano ukazuka, wajumbe wa chuo rafiki wakaondoka wamekasirika, na mchezo ukaigizwa katikati ya vurugu. Usiku huo wenyewe waliuita Usiku wa Makosa. Baadaye wanafunzi wakaendesha kesi ya kuigiza, na mshtakiwa akawa mchawi anayedaiwa kuwaloga wote. Mchezo uliandikwa kuonyesha jinsi watu wanavyoitupia uchawi lawama ya mkanganyiko wao, na watazamaji wake wa kwanza, wasomi wa sheria, wakafanya hivyohivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike sura hii. Sheria ya Efeso haimwulizi mzee amefanya nini. Inamwuliza ametoka wapi. Katanga iliwahi kuuliza swali hilo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa Likasi na Kolwezi, baba zao wakiwa wafanyakazi wa migodi na reli, waliambiwa waondoke. Walifukuzwa kazini na majumbani, mamia ya maelfu, wakakusanyika kwenye stesheni kungoja treni, majuma na miezi, na wengi walifia hapohapo stesheni na ndani ya mabehewa, watoto wakitangulia. Treni hizo zilipita Kamina. Hakuna njia nyingine ya reli kwenda Mwene-Ditu.

Wale waliofukuzwa na wale waliobaki, wengi wao walikuwa Waluba. Lugha zao ni dada. Mapasa wao wana majina yanayojibizana, Kabange huku na Kabanga kule. Kilichowatenga kilikuwa karatasi na matamshi, jinsi mtu anavyotaja jina. Katika nyakati kama hizo kijana huonywa kama alivyoonywa Antipholus: sema umetoka mahali pengine. Na mwana anaweza kupita pembeni ya baba yake anayeteswa asijue ni nani, kwa sababu amefundishwa kutotazama.

Ninajua kuna watakaosema kwamba ni vibaya kuweka msiba huo karibu na mchezo wa kuchekesha. Wautazame mwisho wake. Jioni imefika, mzee anapelekwa kukatwa kichwa. Njiani anamwona kijana, anashangilia, mwanangu ataniokoa. Kijana anamtazama na kusema hamjui. Ni kweli hamjui, kwani huyu ni yule pacha wa Efeso, aliyetenganishwa naye akiwa mtoto mchanga. Mzee anadhani mwanawe anamwonea haya. Anauliza kama kweli miaka michache ya majonzi imembadilisha uso kiasi hicho, na kama hata sauti yake imesahaulika. Hakuna mtu anayecheka hapo, katika lugha yoyote. Kisha mlango wa nyumba ya watawa unafunguliwa, mama mkuu anatoka na kijana wa pili, wawili wanasimama upande kwa upande, na mama mkuu mwenyewe anamtambua mzee kuwa mumewe aliyepotea. Mwana wa Efeso anatoa fedha za fidia. Mtawala anazikataa, anamwachia mzee bure. Asubuhi alisema sheria haiwezi kuvunjwa. Jioni ameona kwamba mgeni aliyetaka kumuua ni baba wa raia wake bora, na sheria haina tena mtu wa kumshika.

Mchezo wenye kisa kama hiki ulisafiri. Mwaka 1869 mwanazuoni wa Bengali, Ishwar Chandra Vidyasagar, aliuandika upya kama hadithi ya Kibengali, na kutoka hapo ukaingia sinema. Filamu ya Gulzar, Angoor, ya mwaka 1982, ambamo Sanjeev Kumar na Deven Verma kila mmoja anaigiza pacha wawili, ni miongoni mwa vichekesho vinavyopendwa zaidi India. Yeyote aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wakati majumba ya sinema yalipokuwa yanajaa filamu za Kihindi amekutana na ndugu waliopotezana wakiwa watoto na kutambuana mwishoni. Marekani waliugeuza mchezo wa nyimbo Broadway mwaka 1938.

Mwaka 2012 jumba la Globe la London lilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kichekesho cha Makosa kiliigizwa na kikundi cha Roy-e-Sabz kutoka Kabul kwa Kidari. Walilazimika kufanyia mazoezi India, kwa kuwa kituo cha utamaduni cha Waingereza mjini Kabul kilikuwa kimeshambuliwa mwaka uliotangulia. Waliuhamishia mchezo Kabul yenyewe, na mzee mgeni akawa mtu wa Samarkand. Kwa waigizaji wanaotoka katika nchi ya vita na ukimbizi, mtu kuuawa kwa sababu ya alikotoka hakuhitaji maelezo. Katika tamasha hilohilo Wakenya walileta kwa Kiswahili kichekesho kingine cha Shakespeare, kile cha wake wa Windsor, ambamo mume anajibadilisha jina na mwanamume mnene anavalishwa gauni la bibi kizee ili atoroke.

Kiswahili na Shakespeare si wageni mmoja kwa mwenzake. Zanzibar, mwaka 1867, wamisionari wa Edward Steere walichapisha kitabu kidogo cha hadithi za michezo ya Shakespeare. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, ambao nao una mwanamke anayevaa joho la mwanasheria na mume wake asimtambue. Samuel Mushi alitupa Makbeth na Tufani. Huku kwetu Kongo jina la Shakespeare liliingia vibaya zaidi. Msafiri Stanley alisimulia kwamba mwaka 1877, huko Mowa, watu waliogopa daftari lake wakidhani lina uchawi na wakataka lichomwe, naye akawachomea kitabu cha Shakespeare badala yake. Wataalamu wametilia shaka kisa hicho. Iwe kweli au la, ni kichekesho cha makosa kilichoishia motoni.

Ninachotaka mimi ni mchezo huu uigizwe Kamina, kwa Kiswahili cha Kamina. Njia ya kufanya hivyo Katanga inaijua. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, ambacho watu wa jimbo zima walikifahamu kwa redio na televisheni, hakikuandika maneno ya michezo yake. Waigizaji walikaa, wakakubaliana kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakarekebisha, na siku ya onyesho kila mmoja alisema kwa Kiswahili cha mtaani kwake. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alifuatana nao walipokuwa wakitengeneza mchezo juu ya mamlaka ya chifu na kuuigiza katika kijiji cha Kawama, akaandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo. Kichekesho cha Makosa kinafaa kwa mtindo huo, maana nguvu yake iko katika mpangilio wa matukio: nani anaingia, nani ametoka, nani ameshika mkufu.

Wala Kamina haijawahi kukosa watu wa jukwaani. Wavulana wapatao 45 wa shule ya mji huu, pamoja na walimu wao, waliongozwa na padri Guido Haazen katika kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao, Missa Luba, iliimbwa kwa mara ya kwanza hapa Kamina Machi 1958, na mwaka huohuo walizunguka Ulaya, wakaimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels. Ndani ya misa hiyo mna wimbo wa kuagana wa Waluba na mdundo wa ngoma ya Kasai. Katanga na Kasai walikaa katika wimbo mmoja, miaka thelathini na mitano kabla ya zile treni.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa majina ya kazi zenu: walimu wa shule za sekondari za Kamina, viongozi wa vikundi vya tamthilia vya parokia, vijana wa mtaani mnaochekesha watu harusini. Chukueni kisa hiki. Mzee awe ameteremka kwenye treni ya kutoka Mwene-Ditu. Mapasa waitwe majina yao ya haki, Kyungu na Kabange, na watumishi wao vivyo hivyo; mkanganyiko utazidi. Watafuteni mapasa halisi, hawakosekani, muwavalishe kitambaa kimoja. Nyimbo za mapasa ziimbwe mwishoni pamoja na matusi yake yote, na wazee wasizikatae. Pinch awe na maikrofoni. Anzeni mazoezi na tukio la mlango, kwa kuwa linahitaji ubao mmoja tu na watu wanaojua kugombana. Na pale mzee anapomwuliza kijana kama hata sauti yake hajaitambua, msiweke muziki, mwacheni aulize.

Onyesheni karibu na stesheni, siku ambayo treni imechelewa na abiria wa Kasai wamekaa kwenye mizigo yao wakingoja. Msiwatoze kiingilio.